Kupima mionzi aliyoipata askari mstaafu miaka mingi iliyopita: mwongozo kwa anayemtunza

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tukaja kutunza wazee Uingereza na Marekani tumewahi kukutana naye bila kumjua. Ni mzee wa miaka themanini na kitu. Siku moja unamfunga vifungo vya shati, anakuambia kwamba aliwahi kuiona mifupa ya mkono wake mwenyewe. Usidhani amechanganyikiwa. Askari wa Uingereza waliokuwa Kisiwa cha Christmas, katikati ya Bahari ya Pasifiki, mwaka 1957 na 1958, wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia, waliamriwa wakae wakiupa mlipuko mgongo na wazibe macho kwa viganja. Wengi wao wamesimulia kwamba mwanga uliwapita mikononi wakaona mifupa kama kwenye picha ya eksirei.

Mzee niliyemtunza mimi alikuwa na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na picha ndogo za vijana waliovaa kaptula, vifua wazi, miwani ya jua. Kitabu chake cha mshahara. Na barua aliyojibiwa na ofisi moja ya kumbukumbu, yenye mstari mmoja tu uliomuumiza: dozi yake, yaani kiasi cha mionzi kilichompata, ilikuwa sifuri. "Sifuri," alisema, "na sikuwahi kuvaa kifaa chochote." Nilianza kujifunza mambo haya kwa sababu ya mstari ule, na ninayaandika kwa ajili ya muuguzi, mtunzaji, mkwe au mjukuu atakayeulizwa swali hilohilo: nilipata kiasi gani?

Uliza kwanza jibu ni la nini

Kuna anayetaka fidia, kuna anayewaza wajukuu, na kuna anayetaka aaminiwe tu. Njia zao hazifanani.

Marekani, askari aliyeshiriki jaribio la bomu la hewani kisha akaugua mojawapo ya saratani 21 zilizoorodheshwa na Idara ya Wastaafu wa Jeshi hatakiwi kuonyesha dozi yoyote. Sheria inachukulia kwamba ugonjwa ulitokana na utumishi. Mwaka 2022 Sheria ya PACT iliwaingiza pia waliosafisha mabaki ya majaribio kisiwani Enewetak, Pasifiki, kati ya 1977 na 1980, waliopelekwa Palomares, Hispania, ndege ya B-52 ilipoanguka na mabomu yake Januari 1966, na waliokuwa Thule, Greenland, baada ya ajali kama hiyo Januari 1968. Kwa hawa kazi yako ni kuthibitisha kwamba mzee alikuwepo, basi. Ukimkimbiza kwenye maabara utamchosha bure. Lakini saratani ya tezi dume na ya ngozi hazimo kwenye orodha hiyo, na hapo makadirio ya dozi ndiyo yanayobeba kesi.

Uingereza, aliyetumikia kabla ya Aprili 2005 anaomba chini ya mpango wa pensheni ya vita, ambao ikiwepo shaka ya msingi humpa mzee faida ya shaka hiyo. Ufaransa, waliokuwa kwenye majaribio ya Reggane na In Ekker kule Algeria, au Moruroa kule Polinesia, wanaangukia sheria ya Januari 2010, na kizingiti kinachotajwa huko ni milisivati 1 kwa mwaka (milisivati ni kizio cha dozi ya mionzi).

Hatua ya 1: Mazungumzo, kabla ya sindano

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mionzi haimpati mtu kwa njia moja. Upo mwako wa mlipuko wenyewe, yaani mionzi ya gama na ya nyutroni, unaokwisha kwa dakika. Yapo majivu ya bomu, yaani vumbi lenye mionzi linaloanguka baadaye na kummulika mtu kutoka ardhini, kwenye sitaha au kwenye nguo. Na kipo kile alichomeza au kuvuta puani, ambacho hakuna beji ya kupimia mionzi iliyokiona. Kila njia ina kipimo chake, na ukikosea njia utapima kitu ambacho hakikuwepo.

Kaa naye asubuhi, akiwa hajachoka, na msikae zaidi ya saa moja. Usimuulize kama alipata mionzi; hajui. Muulize alilala wapi, hemani au kwenye jengo la mbao. Maji ya kunywa yalitoka wapi? Walikula samaki waliovua wenyewe? Waliogelea? Mvua ilinyesha siku ile au kesho yake? Nani alifua nguo? Aliwahi kufagia sitaha, kuosha ndege iliyopita kwenye wingu, kubeba vyuma kutoka eneo la mlipuko? Walinyolewa au kuogeshwa mara kwa mara kwa amri? Mzee wangu hakukumbuka tarehe hata moja, lakini alikumbuka kwamba kazi yake ilikuwa kupakua tangi za maji, na kwamba buti zake zilichukuliwa na hazikurudishwa. Buti zilituambia kuna mtu aliyezipima akaona kitu.

Andika majibu kwa maneno yake, kisha uyapange kwa saa na siku. Hapa sisi wa Kiswahili tuwe macho: jeshi likiandika 0600 ni saa kumi na mbili asubuhi. Niliwahi kukosea nikaandika saa sita, na hesabu nzima ikaharibika.

Hatua ya 2: Karatasi

Tafuta namba yake ya jeshi, jina la kikosi au meli, na tarehe za kufika na kuondoka. Marekani, ombi la dozi ya washiriki wa majaribio hupitia mpango wa mapitio ya washiriki wa majaribio ya nyuklia, ulioanzishwa 1978 na sasa uko chini ya wakala wa ulinzi uitwao DTRA. Faili za utumishi ziko St. Louis. Ukiambiwa faili haipo, usishangae: moto wa Julai 1973 uliteketeza faili kati ya milioni 16 na 18 za jeshi la nchi kavu na la anga. Katika hali hiyo geukia karatasi ambazo moto ule haukuziteketeza: daftari la safari la meli, ripoti za asubuhi za kikosi, barua alizomwandikia mkewe zenye mhuri wa posta. Na wenzake. Picha moja yenye nyuso nne na majina nyuma yake inaweza kumweka mahali na siku.

Mwambie pia jambo ambalo wengine hawajalisikia hadi leo. Askari wa Marekani walioapishwa kutunza siri za majaribio walifunguliwa kiapo hicho kwa sheria ya mwaka 1996. Wapo waliokufa bila kumwambia hata daktari.

Uingereza, andika kwa Wizara ya Ulinzi kuomba rekodi ya utumishi na ya afya, na utaje kwa jina kwamba unataka matokeo ya damu na mkojo yaliyochukuliwa wakati wa majaribio. Ukiomba "faili lote" tu, utaletewa chanjo na meno.

Hatua ya 3: Kusoma beji

Beji ya filamu ni kipande cha filamu ya picha ndani ya karatasi isiyopitisha mwanga, kinachovaliwa kifuani. Mionzi huisawijisha; kadiri ilivyosawijika ndivyo dozi ilivyokuwa kubwa. Ni kifaa cha kweli, ila kina mipaka yake. Chini ya takribani milisivati 0.4 filamu za wakati ule hazikuona kitu, na kisichoonekana kiliandikwa sifuri. Beji ya kawaida haikupima nyutroni ipasavyo. Vumbi lililoingia mapafuni haikulipima kabisa. Joto na unyevu wa visiwa vya Pasifiki uliziharibu nyingi.

Kisha kuna wasiokuwa nazo. Kwenye majaribio ya Crossroads, kisiwani Bikini, Julai 1946, walikuwepo watu kama 42,000, na waliopewa beji walikuwa kama 15 katika kila 100. Mara nyingi mmoja alivaa kwa niaba ya kundi, na namba yake ikaandikiwa wote. Kwa hiyo ukiona sifuri, uliza: ni sifuri ya filamu iliyosomwa, sifuri ya filamu iliyoharibika, au sifuri ya mtu ambaye hakupewa filamu? Ofisi ikishindwa kujibu swali hilo kwa maandishi, barua yake ya kushindwa ni ushahidi. Itunze.

Kadi za zamani zina vipimo vya zamani. Remu 1 ni milisivati 10. Radi 1 ni miligrei 10; miligrei hupima mionzi iliyofyonzwa, na kwa gama ni karibu sawa na milisivati. Rontijeni 1 ya gama, kwa makadirio ya kazi hii, ichukulie kama miligrei 10. Angalia sana herufi ya "milli" mbele: milliremu 1,000 ndizo milisivati 10, na mtu akiruka herufi moja amekosea mara elfu.

Hatua ya 4: Kuhesabu upya

Pasipo beji, dozi hujengwa upya kwa vitu vitatu: kiwango cha mionzi mahali pale, saa alizokaa, na kilichomkinga. Viwango vya majaribio mengi vilipimwa na timu zilizotembea na vifaa, na vimo kwenye ripoti za majaribio yenyewe.

Majivu ya bomu hupoa kwa kanuni ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuishika: kila muda ukizidishwa mara 7, nguvu inagawanyika kwa 10. Saa moja baada ya mlipuko ikiwa 100, saa ya 7 ni 10, na baada ya siku mbili, saa ya 49, ni 1. Ndiyo maana aliyeingia eneo saa sita baada ya mlipuko na aliyeingia wiki mbili baadaye hawafanani, hata kama walisimama palepale.

Tufanye hesabu moja. Sema timu ilipima miligrei 10 kwa saa, saa moja baada ya mlipuko. Askari aliingia saa ya 6 akatoka saa ya 14. Chukua 6 uipandishe kwa kipeo cha hasi 0.2, unapata 0.699. Fanya vivyo hivyo kwa 14, unapata 0.590. Tofauti ni 0.109. Zidisha kwa 5, kisha kwa kile kiwango cha 10: dozi ni kama miligrei 5.4. Simu yoyote yenye kikokotoo cha kisayansi inaifanya. Kama saa zile alikuwa ndani ya jengo la mbao, kata karibu nusu. Ukilinganisha na beji ya mwenzake aliyesimama naye, kumbuka kifua kinakingwa na mgongo, hivyo beji husoma kama asilimia 70 ya kilichopo hewani. Kwenye mfano wetu, 3.8.

Usiishie kwenye namba moja. Rudia kwa saa chache kabisa anazoweza kuwa alikaa, kisha kwa saa nyingi kabisa, na uandike zote tatu. Mwaka 2003 kamati ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani iliukagua mpango wa makadirio ya askari na kukuta kwamba kikomo cha juu, ambacho sheria inataka mzee apewe, mara nyingi kiliwekwa chini kuliko inavyostahili. Hesabu yako haitachukua nafasi ya ile rasmi. Itakuonyesha pale ambapo ile rasmi ilisahau usiku mmoja.

Hatua ya 5: Kuuliza mwili

Hapa watu hutupa pesa. Kifaa cha kuhesabu mionzi ukikipitisha juu ya mwili wa mzee wa Bikini hakitalia. Iodini 131 hupungua nusu kila siku 8, na seziamu 137 mwili wenyewe huitoa nusu kwa takribani siku 100. Mashine ya kupima mwili mzima ina kasoro hiyohiyo. Hesabu ya kawaida ya damu hospitalini hairudi nyuma miaka sitini. Anayekuuzia kipimo cha nywele mtandaoni kwa jambo hili, muepuke. Vinavyobaki ni vitatu.

Damu. Mionzi hukata kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, ndani ya chembe nyeupe, na vipande hujiunga vibaya. Zikijiunga kromosomu mbili zikawa moja yenye viuno viwili, chembe hiyo hushindwa kugawanyika vizuri na hupotea; idadi yake hupungua nusu ndani ya miaka michache. Ndicho kipimo bora kwa ajali ya wiki iliyopita, na hakifai kwa mzee huyu. Lakini vipande vikibadilishana nafasi kwa usawa, chembe inaendelea kuishi na kurithisha kosa hilo kwa chembe mpya. Maabara huzipaka kromosomu rangi zinazong'aa, na chini ya darubini unaona kromosomu nyekundu yenye mkia wa kijani. Alama hiyo hudumu miongo.

Mfano ninaoupenda ni wa mabaharia wa New Zealand waliokuwa kwenye meli Pukaki na Rotoiti wakati wa majaribio ya Uingereza ya 1957 na 1958, wakiwa umbali wa maili za bahari 20 hadi 150. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey waliwachukua 50 kati yao na wanaume 50 wengine wa kulinganisha nao. Mabaharia walikuwa na mabadilishano 29 kwa kila chembe 1,000, wenzao 10. Angalia lakini: ni kundi kwa kundi. Kwa mtu mmoja, chini ya takribani miligrei 300 ni vigumu kutenganisha mionzi na uzee, maana alama hizi huongezeka kwa umri na kwa sigara hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuona bomu. Yule wa mfano wetu wa miligrei 5.4 damu haitamwona. Mwambie hivyo kabla hajachomwa sindano.

Akikubali, damu huwekwa kwenye chupa yenye heparini ya lithiamu, ya kuzuia damu isigande, mililita 10 hivi, ikageuzwageuzwa taratibu. Isigandishwe wala isiachwe kwenye gari lenye jua. Joto la chumba linatosha, na ifike maabara ndani ya siku moja au mbili, maana chembe lazima ziwe hai ili zikuzwe kwa siku mbili kwenye nyuzijoto 37. Kwa hiyo usitoe damu Ijumaa jioni. Maabara za aina hii ni chache: Chilton huko Uingereza, Oak Ridge huko Marekani. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea watu wa mionzi ya zamani, kwa gharama gani, na nani atamsomea majibu.

Mkojo. Huu ni wa waliovuta au kumeza kitu kinachokaa mwilini, yaani plutoniamu au urani. Kwa waliopigana vita vya Ghuba vya 1991, hofu ni urani hafifu, ile ya risasi za kutoboa vifaru. Hospitali ya wastaafu ya Baltimore imewafuatilia tangu 1993 askari waliopigwa na risasi za wenzao kwa makosa, na wenye vipande mwilini bado wanatoa urani kwenye mkojo. Kila mtu ana urani kidogo kutokana na chakula na maji, hivyo kuulizia kiasi pekee hakutoshi, uliza uwiano wa aina zake. Katika urani ya asili, urani 235 ni asilimia 0.72, katika urani hafifu ni karibu 0.2. Uwiano ndio unaosema imetoka kisimani au kwenye risasi.

Kusanya mkojo wa saa 24, wote, kwenye chupa ya maabara. Wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, kisha kila tone hadi asubuhi ya pili. Mzee anawe mikono kila mara kabla. Kule Palomares sampuli nyingi za askari zilitiliwa shaka kwa sababu zilichukuliwa kambini, kwenye vumbi lilelile lililotafutwa ndani ya miili yao. Wamebaki kubishania matokeo hayo hadi uzeeni.

Jino. Ganda gumu la nje la jino halijijengi upya kama mfupa. Mionzi ikipita humo huacha alama kwenye madini yake, na alama hiyo haifutiki maishani. Mashine ya sumaku husoma alama hizo, na maabara nzuri huona kuanzia miligrei 50 hadi 100. Imetumika sana kwa waliosafisha Chernobyl. Tatizo ni kwamba jino lazima liwe limeng'olewa, na kamwe usikubali jino lisilo na ugonjwa ling'olewe kwa ajili ya kipimo. Subiri. Wazee hung'olewa meno kwa sababu zao. Siku hiyo mwombe daktari wa meno akupe jino hilo. Gego ndilo linalofaa, kwa kuwa meno ya mbele hupigwa na jua, na jua huacha alama inayofanana. Lioshwe kwa maji, likauke, liwekwe kwenye bahasha ya karatasi mbali na jua na joto, na juu yake uandike ni gego lipi, upande gani, tarehe, na amepigwa eksirei za meno mara ngapi kwa kadiri anavyokumbuka.

Hatua ya 6: Jibu likirudi

Toa kwanza kile ambacho si cha jeshi. Kila binadamu hupata wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka angani, ardhini na kwenye chakula. Kwa mzee wa miaka 87 hiyo ni zaidi ya 200 kabla hujagusa bomu. Picha moja ya CT ya tumbo ni karibu 10, na wagonjwa wa saratani hupigwa nyingi. Waliotibiwa kwa mionzi, damu yao itasimulia tiba hiyo. Orodhesha zote na uziambatanishe, la sivyo atakayepinga kesi ataziorodhesha yeye.

Dai kikomo cha juu na cha chini, si wastani tu. Na "haikuonekana" usiruhusu igeuzwe "hakupata". Mwombe mtaalamu aandike kiwango cha chini ambacho kipimo chake kingeweza kuona.

Mzee wangu hakutaka kuchomwa sindano, na nilimheshimu. Tulijaza saa na siku kwa miezi miwili, tukapata rekodi ya tangi za maji na jina la mwenzake aliyekuwa bado hai, tukaomba upya. Jibu la pili halikusema sifuri. Lilisema hakuwahi kupimwa. Alilisoma mara mbili, akalikunja, akaniomba kopo la biskuti.